Stima Imepotea: Ni Nani Aliyeipoteza?

Miongoni mwa kauli zinazosikika mara nyingi zaidi katika jiji la Nairobi, sidhani kama ipo inayoweza kushindana na hii: "Stima imepotea." Husemwa na mtoto aliyeinamia daftari lake, husemwa na kinyozi ambaye mashine yake imenyamaza kichwani mwa mteja, na waziri naye huisema, japo kwa maneno marefu zaidi. Sisi tunaofundisha isimu tumezoea kuwaambia wanafunzi kwamba vitenzi vya Kiswahili vina siri, na siri ya kitenzi hiki i wazi kwa yeyote atakayekitazama. Kupotea ni jambo linalojiendea lenyewe. Mbuzi hupotea, njia hupotea, fahamu hupotea. Mtendaji hayupo. Ukitaka ajitokeze, huna budi kulibadilisha umbo la kitenzi na kusema kwamba fulani ameipoteza stima. Na hapo ndipo watu wanapoanza kutazamana.

Nakusudia kuonyesha kwamba kitenzi hiki kisicho na mtendaji kimehamia katika vitabu vya hesabu vya mashirika yetu makubwa, na kwamba humo ndimo kinamoleta hasara. Viwanda, vyuo, serikali za kaunti, hospitali, na hata shirika lenyewe linalouza umeme, wote huzungumza juu ya kawi (ambayo wengine huiita nishati) kana kwamba hupotea yenyewe. Ushahidi wangu mwingi unatoka mahali ambapo wataalamu wa kawi hawautafuti mara nyingi, yaani Mukuru kwa Njenga.

Kwanza, kwa idhini ya wasomaji, neno moja juu ya neno lenyewe. Katika Kiswahili cha pwani, stima ilikuwa meli ya mvuke, na asili yake ni Kiingereza. Huku Kenya neno likahamia kwenye umeme likakaa, hata makao makuu ya shirika la umeme yakaitwa Stima Plaza. Wenzetu wa Tanzania wao husema umeme, basi. Lakini mambo yalivyokwenda yamelipa neno hili heshima ambalo halikuitafuta, kwa maana sehemu kubwa zaidi ya umeme wa Kenya siku hizi hutokana na mvuke wa ardhini kule Olkaria, karibu na Naivasha, ambako mtambo wa kwanza ulianza kazi mwaka 1981. Stima imerudi kuwa ya mvuke. Na mvuke huo, kama tutakavyoona baadaye, hauna habari na saa za watu kulala.

Kwa asiyepajua, Mukuru kwa Njenga ni kimojawapo cha vijiji vitatu vya Mukuru, pamoja na Mukuru kwa Reuben na Viwandani, upande wa mashariki wa Nairobi. Ubavuni mwake pana Eneo la Viwanda, ng'ambo nyingine pana mtaa wa Imara Daima na Barabara ya Mombasa, na uwanja wa ndege wa kimataifa hauko mbali. Mwaka 2017 serikali ya Kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, na hesabu iliyofanywa kwa ajili ya mipango hiyo ilipata kaya zipatazo 100,000 katika vijiji vyote vitatu. Mimi nimekuwa nikienda huko kwa miaka kadhaa kukusanya msamiati, hasa wa vijana. Mtu akikusanya msamiati katika pande za Sisal au Wapewape hawezi kuziepuka nyaya. Zimetanda juu ya vichwa kama kamba za kuanikia nguo, zimeshikizwa kwenye mabati kwa vipande vya mti, na nyingine zimelala matopeni ambamo watoto hupita wakienda shule.

Mpangaji wa kawaida huko hana mita. Yupo mtu aliyemvutia stima kutoka kwenye nguzo au kutoka kwa jirani, na kila mwezi huja kuchukua malipo yake. Malipo hayo ni mamoja: ukiwasha saa mbili au ukiwasha saa ishirini na nne, utatoa kiasi kile kile. Ukiwa na pasi au jokofu utaongezwa kidogo. Magazeti huwaita wakusanyaji hao makateli, na kwa hakika hawana hati wala ofisi, ila wanazo hesabu zao na wanazo njia zao za kumshawishi asiyelipa.

Siku moja, yapata saa sita mchana, jua likiwa utosini, nilimkuta mama mmoja muuza mboga ambaye balbu ya chumba chake ilikuwa ikiwaka. Balbu yenyewe ni ile ya zamani, ya nyuzi, inayotoa joto kuliko nuru. Nikamwuliza mbona haizimi. Akanitazama kama mtu anayetazama mgeni.

"Mwalimu," akasema, "nizime nimpunguzie nani?"

Sijasoma katika ripoti yoyote ya kitaalamu maelezo mafupi kuliko hayo ya kwa nini kawi hupotea. Mwanafunzi wa sarufi atazame kitenzi alichokitumia mama yule. Kitu hupungua, mtu hukipunguza, na akikipunguza kwa faida ya mwingine, humpunguzia. Kauli hiyo ya kutendea humtaka mnufaika, na mama yule alimtafuta mnufaika katika sentensi yake asimwone. Si yeye mwenyewe, maana malipo yake hayabadiliki. Si mkusanyaji, ambaye hanunui uniti popote. Lipo shirika la umeme, lakini shirika hilo halimjui mama, wala mama hana kipande cha karatasi kinachoonyesha kwamba wanajuana. Kuiacha balbu ikiwaka ndiyo hesabu sahihi kwake.

Sasa niruhusu, msomaji, nikutoe Wapewape nikupeleke katika ofisi yoyote kubwa ya umma, kwa mfano chuo kimojawapo ninachokifahamu vyema. Ushoroba wa idara una taa ndefu kumi na mbili ambazo huwaka tangu alfajiri hadi usiku wa manane, na swichi yake imo ndani ya kijisanduku chenye kufuli ambacho ufunguo wake unasemekana uko kwa mtu aliyehamishwa. Madirisha ni makubwa na jua la Nairobi si bahili. Ankara ya umeme hufika katika ofisi ya fedha, ikatiwa muhuri, ikapangwa pamoja na madeni mengine, na hatimaye ikalipwa kwa fedha ambazo hakuna mhadhiri wala mwanafunzi anayejua zingalifanya nini kama zisingalilipia taa hizo. Katika miaka yote ya kufundisha kwangu sijaonyeshwa ankara hiyo hata mara moja, wala sijamwona mwenzangu aliyeonyeshwa. Kwa hiyo mkataba wetu sisi wasomi na umeme ni ule ule wa mama muuza mboga: hatuna mita. Tofauti ni moja tu, kwamba mama yule walau hutoa kitu mfukoni mwake.

Nalisisitiza hili kwa sababu kila mara upotevu wa umeme unapotajwa hadharani, kidole huelekezwa mitaa ya mabanda. Basi na tuifanye hesabu, kwa vile wasomaji wa safu hii ni walimu na wanafunzi na hesabu haiwatishi. Katika mwaka wa fedha uliomalizika Juni 2024, Kenya Power ilinunua uniti milioni 13,684 kutoka kwa wazalishaji, ikauza uniti milioni 10,516. Zilizobaki kati, uniti milioni 3,168, ndizo zinazoitwa hasara za mfumo. Ni kama uniti 23 katika kila 100. Sasa chukua chumba kimoja cha Mukuru chenye balbu ya kisasa ya wati 9, televisheni ndogo, redio na simu za kuchaji. Balbu hiyo ikiwaka saa 5 kila siku hutumia uniti 1.35 kwa mwezi. Televisheni ya wati 50 kwa saa hizo hizo hutumia uniti 7.5. Tuseme chumba kizima kitumie uniti 15 kwa mwezi, yaani 180 kwa mwaka. Zidisha kwa kaya 100,000 za Mukuru yote, na uchukulie, kinyume cha ukweli, kwamba hakuna hata moja inayolipa. Utapata uniti milioni 18. Hiyo haifiki hata sehemu moja kwa mia ya zile milioni 3,168.

Utaniambia kwamba asiye na mita hutumia zaidi, kwamba hupikia koili na kuacha balbu ya nyuzi ikiwaka mchana kutwa. Ni kweli, nimekwisha kukueleza juu ya mama yule. Basi zidisha mara tano. Ni uniti milioni 90, ambazo hazifiki hata 3 kwa mia ya hasara yote. Mukuru si mtaa pekee wa mabanda nchini, hilo nakubali, na wizi ni wizi. Lakini anayedhani kwamba hasara ya shirika kubwa kama lile imefichwa chini ya vitanda vya wapangaji wa Kwa Njenga, hesabu inamkataa. Sehemu kubwa imo katika nyaya ndefu na nyembamba, katika transfoma zilizolemewa, katika mita zilizokufa na ankara zisizofika, na katika wateja wakubwa wenye mafundi wa kuizunguka mita. Wanafunzi wa fizikia wanajua kwamba mkondo wa umeme ukiongezeka mara mbili katika waya ule ule, joto linalopotea huongezeka mara nne. Waya uliolemewa huipoteza stima usiku na mchana, bila mwizi kuwapo.

Wala hili si jambo lisilorekebishika. Uganda, mwaka 2005 kampuni ya Umeme ilipokabidhiwa usambazaji, hasara ilikuwa yapata 38 kwa mia. Kabla mkataba wake haujamalizika Machi 2025 ilikuwa imeshuka hadi karibu na 17. Kampuni hiyo ililaumiwa kwa mengi, hasa bei na faida, na sina haja ya kuitetea. Nataja tarakimu hizo kwa sababu zinaonyesha kwamba hasara si ajali ya asili kama mvua ya mawe.

Kwetu jaribio lilifanywa katika mitaa ya mabanda yenyewe. Shirika lilianza kwa kung'oa nyaya mchana, nazo zikarudishwa usiku. Baadaye likabadili njia, likazungumza na wakazi, na kwa msaada wa Benki ya Dunia likashusha ada ya kuunganishiwa. Benki hiyo ilisema kwamba kaya zilizounganishwa kihalali katika mitaa hiyo ziliongezeka kutoka 5,000 mwaka 2014 hadi 150,000 mwaka 2015. Tarakimu nzuri. Lakini mita ni chombo tu. Baada ya muda nyingi zikakaa ukutani bila kununuliwa tokeni, kwa kuwa mkusanyaji wa zamani alikuwa jirani zaidi kuliko shirika, na transfoma ikilipuka yeye alikuja usiku ule ule.

Na bado mkazi hulipa zaidi. Utafiti wa Muungano wa Wanavijiji pamoja na vyuo vikuu na washirika wengine, uliotangulia mipango ile ya 2017, ulipata kwamba watu wa Mukuru walikuwa wakilipia umeme kwa kiasi cha kati ya asilimia 45 na 142 zaidi ya wakazi wa mitaa rasmi. Katika bei zilizoanza kutumika Aprili 2023, mteja wa nyumbani anayetumia chini ya uniti 30 kwa mwezi alipangiwa bei nafuu ya msingi, shilingi 12 na senti kadhaa kwa uniti kabla ya tozo na kodi. Bei hiyo iliwekwa kwa ajili ya maskini. Haiwezi kumfikia mtu asiyehesabiwa. Ipo pia gharama isiyoandikwa katika ankara yoyote, nayo ni moto unaoanzia kwenye waya uliochakaa na kula safu nzima ya vyumba kabla gari la zimamoto halijapata njia, na watoto wanaokanyaga waya baada ya mvua.

Tuvuke sasa tuingie Eneo la Viwanda, ambako wanaume kwa wanawake wa Mukuru huenda kwa miguu kila asubuhi kutafuta kibarua. Huko ankara ya umeme ni jambo zito, na husomwa na mtu. Mwenye kiwanda halipii uniti tu. Hutozwa pia kwa kile kiwango cha juu kabisa alichofikia mwezi ule, hata kama alikifikia kwa muda mfupi: mashine zote zikiwashwa pamoja saa mbili asubuhi, kilele hicho kitamgharimu mwezi mzima, ilhali angaliziwasha moja baada ya nyingine asingalitozwa hivyo. Hutozwa faini pia ikiwa mitambo yake inavuta umeme vibaya. Jambo hili huwashinda wengi kulieleza, nami nitajaribu kwa mfano wa mkokoteni. Ukiwa na watu wawili wanaovuta mbele, mkokoteni huenda. Mmoja akivuta upande, bado anatoka jasho na bado anataka chakula, lakini mkokoteni haupati nguvu zake zote. Mota nyingi za zamani huvuta upande. Shirika hupima uwiano huo, na ukishuka chini ya 0.9 mteja hulipia jasho lisilo na kazi. Dawa yake ni kifaa kinachofungwa karibu na mota, nacho aghalabu hurudisha bei yake kabla ya miaka mingi kupita.

Sheria nayo ilisema. Kanuni za usimamizi wa kawi za mwaka 2012 ziliagiza kwamba kila jengo au kiwanda kinachotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka kiwe na mtu maalumu wa kusimamia kawi, kikaguliwe na mkaguzi aliyeidhinishwa kila baada ya miaka mitatu, na kitekeleze walau nusu ya uokoaji uliopendekezwa. Uniti 180,000 ni sawa na vyumba 1,000 vya Mukuru kwa kipimo chetu cha awali, hivyo mtu mmoja anayeziba mabomba ya hewa yanayovuja katika kiwanda kimoja anaweza kuokoa kuliko kijiji kizima kitakachozima balbu. Chama cha wenye viwanda kilianzisha mwaka 2006, pamoja na Wizara ya Kawi, kituo cha kuwasaidia wanachama katika ukaguzi huo, na kabla ya hapo, tangu 2004, kilikuwa kikitoa tuzo kwa waliofaulu. Katika kundi la vyuo, Strathmore ilifunga mitambo ya jua ya kilowati 600 juu ya mapaa yake mwaka 2014. Mambo yanawezekana penye mtu aliyepewa jina na kazi. Kwa lugha yangu, penye mtendaji.

Lakini ni hapa, katika mafanikio yenyewe ya viwanda, ninapotaka tusimame kidogo, kwa maana hapa pana jambo ambalo hesabu za ufanisi hazilioni. Nilisema mvuke wa Olkaria hauna saa za kulala. Usiku taifa likizima taa, mvuke huendelea kupanda, na usipopata mnunuzi huachiliwa hewani. Kwa hiyo mnamo Desemba 2017 ilianzishwa bei ya usiku kwa viwanda: anayetumia umeme kupita kiwango alichowekewa, kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi siku za kazi, hupata punguzo la nusu ya bei ya uniti hizo. Ni wazo la busara. Mvuke hautupwi, mwenye kiwanda hupunguziwa gharama, na taifa halilazimiki kujenga mitambo mingine kwa haraka. Kila aliye mezani amefaidika.

Asiyekuwa mezani ni mfanyakazi wa zamu ya usiku. Yeye hutoka Kwa Njenga giza likiwa limeingia, akapita vichochoro ambavyo taa zake ama hazikuwahi kuwekwa ama zimezimika, akafuata reli au ukingo wa barabara hadi lango la kiwanda. Na zamu ikibadilika kabla ya mapambazuko hurudi kwa njia ile ile. Yako mataa marefu yaliyosimamishwa katika mitaa kama hii, ambayo wananchi waliyapa jina lililowafaa kabisa, mulika mwizi. Chini yake unapita kwa amani. Hatua mia mbili mbele ni juu yako. Wanawake hungojana ili waende kwa makundi, na anayekosa kundi hulipa bodaboda kwa fedha zinazomega ujira wa usiku ule. Uniti iliyookolewa na kiwanda imeandikwa katika ripoti ya mkaguzi. Nauli ya bodaboda haikuandikwa, wala mkoba ulioporwa, wala hofu.

Sisemi bei ya usiku ifutwe. Nasema kwamba kiwanda kinachotia katika vitabu punguzo la usiku hakina budi kutia humo humo gharama ya kumfikisha mfanyakazi nyumbani salama, kwa basi dogo au kwa taa za njiani, na kinachobaki baada ya kutoa hiyo ndicho kiitwe uokoaji. Vinginevyo kawi haikuokolewa. Gharama yake imehamishwa kutoka kwa mwenye mita hadi kwa asiye na mita, naye, kama tulivyokwisha kuona, ndiye tunayezoea kumwita mwizi.

Na taa za njiani ni za nani? Ni za serikali ya kaunti, na hapo tunafika kwenye kisa ambacho Wanairobi hawajakisahau. Mnamo Februari 2025 Kenya Power iliikatia umeme serikali ya Kaunti ya Nairobi kwa deni la takriban shilingi bilioni 3. Kaunti ikajibu kwamba shirika nalo lilikuwa likidaiwa karibu bilioni 5 kwa kupitisha nguzo na nyaya katika ardhi ya jiji. Tarehe 24 ya mwezi huo malori ya kaunti yakafika Stima Plaza na kumwaga taka mlangoni. Wengi walicheka, nami sikulaumu kicheko hicho. Lakini tazama tena kile kilichokuwa kikibishaniwa. Taasisi mbili za umma zilitumia huduma za mwenzake miaka nenda miaka rudi bila yeyote kuulizwa kila mwezi, "Mwezi huu umetumia kiasi gani, na utakilipa lini?" Balbu ya mama wa Wapewape iliwaka kwa kanuni hiyo hiyo. Tanzania waliliona jambo hili mapema kidogo, ambapo Machi 2017, akiwa Mtwara, Rais Magufuli aliliagiza Tanesco liwakatie umeme wadaiwa wote, wizara na Zanzibar zikiwamo. Agizo lile lilikuwa na ukali wake, na wako waliolilalamikia, ila lilikuwa na fadhila moja ya kisarufi. Lilimtaja mdaiwa.

Naam, tumefika kwa walimu. Shule ya bweni ni shirika kubwa. Ina jiko linalolisha mamia ya watu, ina pampu ya maji, ina taa za mabweni, na mara nyingi ina kuni zinazoletwa kwa lori na kupimwa kwa macho. Nawaomba walimu wa hisabati, wa fizikia na wa Kiswahili wafanye jambo moja: waombe nakala ya ankara ya umeme ya shule yao, ya miezi kumi na miwili, waipeleke darasani. Ikizidi uniti 15,000 kwa mwezi, shule imo katika kundi lililolengwa na kanuni za 2012. Ikiwa chini ya hapo, bado wanafunzi wanaweza kuchora mstari wa mwezi kwa mwezi na kuuliza kwa nini mwezi wa likizo haukushuka. Mwalimu mkuu anayeogopa kuitoa ankara hiyo amekwisha kulijibu swali.

Walimu wa Kiswahili nawaombea kazi zaidi. Ankara ya mteja mkubwa nchini Kenya imeandikwa kwa Kiingereza kizito, ilhali wanaowasha na kuzima ni wapishi, mabawabu, mafundi wa mabomba na akina mama wa usafi. Watanzania waliipa mita ya malipo ya kabla jina LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, na mtu akilijua jina amekwisha kuijua kanuni. Waganda waliiita Yaka, kitenzi cha Kiganda kilicho ndugu ya kuwaka kwetu. Sisi tunasema tokeni, neno ambalo halimfundishi mtu lolote.

Darasa langu la tafsiri huifanyia kazi ankara ya namna hiyo kila mwaka, na kila mwaka hukwama mahali pamoja, penye tozo ile ya kiwango cha juu cha mwezi. Wapo wanaopendekeza "ada ya mahitaji", tafsiri ya neno kwa neno isiyosema kitu. Wengine hupendelea "tozo ya upeo". Mwanafunzi mmoja, ambaye mama yake hufanya zamu ya usiku katika kiwanda kimoja huko Eneo la Viwanda, alileta "ada ya kilele", akaeleza kwamba mpishi yeyote akiambiwa asiwashe kila kitu pamoja kwa sababu ya ada ya kilele ataelewa bila kuongezewa neno. Mimi naliunga mkono neno lake. Nalileta mbele ya walimu wenzangu walipime, na mwenye lililo bora aliandike hapa.